Risala ya kikundi cha wanawake wafanyabiashara wadogo wa Gongo la Mboto kwa mgeni rasmi, kilele cha Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata,
Viongozi wetu wa dini,
Kaka zetu wa bodaboda mliokubali kuacha kijiwe saa hii ya abiria,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Habari za mchana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Tunajua umeshasikiliza risala nyingi za akina mama, na huenda msaidizi wako ameshakuandalia majibu kuhusu ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake. Hilo tutalileta siku nyingine, tena kwa maandishi. Leo tumekuja na habari ya njia: njia tunayopita kuanzia saa kumi alfajiri mpaka jua lichomoze.

Kikundi chetu ni cha mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, wauza mboga, na mabinti waliotoka mikoani wanaojifunza biashara kwetu. Tulianza kwa kucheza upatu, na upatu bado upo. Mwenye samaki lazima awahi mnada wa Feri, na mwenye mboga lazima awahi Soko la Ilala kabla mzigo mzuri haujaisha. Tukilalamika kuhusu usalama tunaambiwa, "Akina mama, msitembee gizani." Ni shauri jema kwa mwenye friji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wa Dar es Salaam, na wote wanakula. Anayekunywa supu saa moja asubuhi ajue kuna mwanamke aliyeiamkia.

Kutoka kwenye nyumba zetu hadi kituo cha daladala kuna kichochoro kinachopita nyuma ya ukuta, kisha mtaro, kisha pagala ambalo mwenyewe hajaonekana miaka mingi. Nguzo za taa zipo, ila hakuna inayowaka. Hapo ndipo wenzetu wamenyang'anywa mitaji, na hapo ndipo mmoja wetu alifanyiwa jambo baya zaidi ya kunyang'anywa.

Hatukukaa tukisubiri. Tunaondoka kwa makundi, na anayechelewa anangojwa pale kwa muuza kahawa, ambaye tunamshukuru kwa kuwasha moto wake mapema kuliko mtu yeyote mtaani. Nauli inakaa mkononi, mtaji unakaa mahali pengine, na simu haitolewi njiani. Zamani tulifunga hela kwenye pindo la khanga, lakini wezi nao wamelelewa na mama zao, wanajua tunapoficha. Aliyefika sokoni anaandika "nimefika" kwenye kundi letu la simu. Asiyeandika anapigiwa.

Kwa kaka zetu wa bodaboda tunasema asante hadharani. Tulikaa na uongozi wa kijiwe, wakatupa orodha ya madereva na namba za pikipiki zao, na kila mmoja anavaa kizibao chenye namba yake mgongoni. Mabinti tunawafundisha wapande bodaboda wa kijiwe, wasipande wa kupita, hata akisema atapunguza mia tano. Anayeita usafiri kwa programu ya simu asome namba ya pikipiki kwanza, ailinganishe na ile ya kwenye simu, ndipo apande. Tangu tuanze utaratibu huu, kwenye usafiri wa kijiwe hatujapata malalamiko. Kwenye daladala bado yapo.

Mheshimiwa, ndani ya daladala iliyojaa kuna mikono isiyo na mwenyewe. Binti mgeni hunyamaza kwa aibu, anashuka kituo ambacho si chake. Sisi tumewafundisha kusema kwa sauti ya kawaida, kila mtu asikie: "Kaka, mkono wako unatafuta nini hapa?" Gari zima linageuka, na mkono unarudi kwa mwenyewe. Konda akicheka, tunamkumbusha kwamba udhalilishaji wa kijinsia ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Wengi hawajui. Hata baadhi yetu tulikuwa hatujui.

Mabinti wanaoshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis kuja kutafuta kazi wana shida yao. Wengi wameahidiwa kupokelewa na mtu ambaye hawajawahi kumwona, wanajua sauti yake tu. Tunaomba wazazi walioko mikoani wasimpandishe mtoto basi bila jina kamili na mtaa wa anakokwenda, na wasikubali basi linalofika usiku wa manane kama la mchana lipo. Akifika, mwenyeji wake amtambulishe kwa mjumbe. Akitafuta chumba, aende na mwanamke mwenzake, mchana, na aangalie komeo la ndani kabla ya kuangalia rangi ya ukuta. Dalali anayesema chumba kinaonekana saa mbili usiku tu, aachwe na chumba chake.

Sasa tunarudi kwa mwenzetu wa kwenye kichochoro. Ametuomba tulisome hili bila jina lake, na sisi hatutalitaja jina la kituo cha polisi. Alifika kaunta alfajiri ile, khanga imechanika, watu wengine wako kwenye foleni. Aliulizwa mbele yao alikuwa amevaaje. Kisha akaulizwa, "Saa kumi usiku ulikuwa unatafuta nini nje?" Akajibu, "Samaki."

Aliambiwa dawati la jinsia, lile la polisi linalopokea kesi za ukatili kama huu, linafunguliwa asubuhi, arudi. Hakurudi. Alikwenda nyumbani akaoga, akafua nguo, na ushahidi ukaondoka na maji ya sabuni. Sisi tulipopata habari tulimpeleka Hospitali ya Amana, penye kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanakutana na mhanga mahali pamoja. Alikuwa bado yuko ndani ya zile saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Bahati ilikuwa upande wake kwa hilo, lakini kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Sheria inasema mbakaji afungwe miaka isiyopungua 30, na huyu wa kwetu tunahisi tunapishana naye kila siku.

Ndiyo maana sasa kila mwanachama anajua: usioge, usifue, nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, piga 112, na usiende peke yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa ni hilo dawati. Liwe na askari wa kike wa zamu ya usiku, na chumba chenye mlango, hata kiwe kidogo. Wanaotudhuru hawafuati saa za ofisi. Askari wa dawati wanaokuja kwenye mikutano yetu tunawaheshimu na tunajua hawatoshi. Hatuwalaumu wao.

La pili ni taa za kichochoro na lile pagala, ambalo mwenyewe atafutwe alizibe au libomolewe. Ulinzi shirikishi nao tunaomba ufufuliwe. Panya road, yale makundi ya vijana wahalifu, walipotusumbua mwaka 2022, vijana wa doria walipatikana kwa siku chache, na panya road walipopungua, doria nayo ikapungua. Tuko tayari kuchangia uji na betri za tochi kama tulivyochangia mwanzo.

Kuhusu taa tumeandika barua na hatujajibiwa. Tunaomba jibu lisomwe kwenye mkutano ujao wa mtaa, hata kama jibu ni kwamba fedha hazipo, ili tujue mapema na upatu wa mwezi huo tuununulie taa za sola.

Tunaomba kuwasilisha.