Mkienda Tivoli, watajeni Victor na Alberta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa safari wa gazeti lako. Mwandishi wa makala hiyo aliwashauri Watanzania wanaokwenda Ulaya peke yao wasitumie fedha zao katika bustani za burudani, kwa hoja kwamba sehemu hizo zimejengwa kwa ajili ya watoto na wazazi wao, na kwamba mtu mzima asiye na mwenzake ataishia kuzunguka akiwatazama wengine wanavyofurahi. Bustani ya Tivoli iliyoko Copenhagen ilipewa sentensi tatu tu, na zote zilihusu taa. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 72. Mwezi Juni mwaka jana nilikwenda Denmark peke yangu, nikaingia Tivoli jioni mbili, na nina jambo la kusema kuhusu ushauri ule na kuhusu zile sentensi tatu.

Kwanza nieleze kilichonipeleka. Nilianza kidato cha kwanza Kibaha mwaka 1968, wakati ule kituo cha elimu cha hapo kikiwa bado ni mradi wa pamoja baina ya serikali yetu na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, uliotokana na makubaliano ya mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Mwalimu wetu mmoja, raia wa Denmark, alikuwa amebandika ukutani kadi ya posta yenye picha ya bustani usiku, ziwa dogo likiwa limejaa vivuli vya taa. Tulipomuuliza ni wapi, alijibu kuwa ni mahali ambapo bibi yake alimpeleka akiwa mtoto, na ambapo yeye naye akirudi nyumbani atampeleka bibi yake. Maneno hayo niliyabeba kwa zaidi ya miaka 50. Nilipopata kiinua mgongo nilijenga, nikasomesha, na kilichobaki nikakiweka kidogo kidogo hadi kikatosha tiketi ya ndege. Mke wangu alikwisha kutangulia mbele ya haki. Wanangu waliniuliza nitafanya nini huko peke yangu, na sikuwa na jibu zuri.

Jibu nililipata pale pale langoni. Tivoli haiko porini wala nje ya mji. Ukitoka katika kituo kikuu cha treni cha Copenhagen unavuka barabara tu na umefika. Kiingilio hulipwa peke yake na michezo hulipwa peke yake, hivyo mtu asiyetaka kuzungushwa wala kurushwa hewani hulipia kuingia na kukaa. Na wako wengi wanaoingia kukaa. Nilikuta wazee wa rika langu, kila mmoja na benchi lake na kikombe chake cha kahawa, wakisikiliza bendi na kutazama maua, na hakuna aliyewauliza wajukuu wao wako wapi. Maji ya lile ziwa la kwenye kadi ni mabaki ya handaki lililozunguka ngome ya zamani ya mji. Aliyeianzisha bustani hiyo, Georg Carstensen, alizaliwa Algiers, katika Afrika yetu hii, mwaka 1812, baba yake akiwa mwakilishi wa Denmark huko. Alipata kibali kutoka kwa Mfalme Christian VIII, na milango ikafunguliwa tarehe 15 Agosti 1843.

Kuna jukwaa la maigizo lililojengwa mwaka 1874, ambalo pazia lake ni tausi aliyetandaza mkia. Mkia hukunjwa, tausi huondoka, na waigizaji hutokea wakiwa na nyuso zilizopakwa rangi, wasitamke neno hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisimama katikati ya watu ambao lugha yao siijui, nikacheka mahali walipocheka. Kwa msafiri wa peke yake ambaye tangu asubuhi amekuwa akisoma vibao asivyovielewa, hilo si jambo dogo.

Halafu ipo reli ya mteremko ya mwaka 1914. Ni ya mbao, na vigari vyake havisimamishwi na mitambo iliyofungwa njiani kama ilivyo katika reli za siku hizi. Kila safari inakuwa na mshika breki, ambaye hupanda pamoja na abiria na kukaa katikati yao. Yule kijana aliyekuwa akipanga watu aliniuliza kwa ishara tuko wangapi, nikamwonyesha kidole kimoja, akaniweka katika nafasi iliyobaki nyuma kidogo ya mshika breki. Kwa hiyo niliuona mkono wake vizuri. Kigari kilipofika kileleni aliuacha mpini, akatuachia tuanguke. Tulipokaribia kona aliuvuta polepole, mishipa ya mkono ikasimama, mbao zikalia chini yetu, kasi ikapungua kiasi cha kutosha tu, kisha akauachia tena. Alikuwa akitazama mbele, lakini mara mbili aligeuza shingo kututazama sisi. Kasi ya safari yetu ilikuwa uamuzi wa mtu aliyekuwa akituona. Nilishuka magoti yakitetemeka, nikarudi kwenye foleni. Mtu mwenye familia asingeweza kurudi mara nne, kwa sababu kuna mtoto anayetaka aiskrimu na mwingine anayetaka choo.

Nilikwenda pia Bakken, kaskazini ya mji, ambako watu walianza kukusanyika mwaka 1583 kwa ajili ya chemchemi iliyoaminika kuwa maji yake yanaponya. Wagonjwa walikuja kunywa, wachuuzi wakawafuata wagonjwa, wacheza ngoma wakawafuata wachuuzi, na hadi leo burudani ipo. Sisi tulioona magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kwa ajili ya kikombe cha dawa, na jinsi wauza chakula na wakodisha vitanda walivyofika huko kwa haraka, tunaelewa bila kufafanuliwa jinsi mahali kama Bakken panavyozaliwa. Hakuna kiingilio. Unatembea kutoka stesheni ya Klampenborg kupitia msitu wenye kulungu, na unalipia mchezo unaoutaka. Legoland ya Billund, iliyofunguliwa mwaka 1968 katika mji ambao seremala Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vitu vya watoto vya kuchezea mwaka 1932, nayo niliifikia kwa treni na basi. Hapo nakubaliana na mwandishi wa makala. Miji midogo ya matofali inapendeza, lakini kila kitu kimepimwa kwa kimo cha mtoto, na mzee wa peke yake hana la kufanya baada ya muda wa saa mbili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi Juni 1944, Denmark ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani, Wadenishi waliokuwa upande wa wakaliaji walilipua sehemu ya Tivoli, likiwemo jumba la muziki, na bustani ikafunguliwa tena baada ya wiki chache. Habari hii nimeisoma mara nyingi katika maandishi ya safari, na ni haki isimuliwe. Lakini kuna habari nyingine ya bustani hiyo hiyo ambayo sijawahi kuisoma katika ukurasa wowote wa safari wa Kiswahili. Nisingeijua kama mjukuu wangu, aliyekuwa akinisaidia kutafuta nyumba ya wageni kwenye intaneti, asingekutana nayo.

Mwaka 1905 yalifanyika ndani ya Tivoli maonyesho ya makoloni ya Denmark. Visiwa vyao vya Karibi, vilivyokaliwa na wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, vilitakiwa viwakilishwe na watu, si bidhaa pekee. Wakaletwa kwa meli watoto wawili kutoka kisiwa cha St. Croix: Victor Cornelins, mwenye umri wa miaka 7, na Alberta Roberts, mwenye umri wa miaka 4. Hawakuwa ndugu. Walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao wakavushwa bahari ili wageni wa bustani wapate kuwatazama. Victor, kama mtoto yeyote wa miaka 7, hakukubali kukaa alipowekwa. Alizurura akitaka kuona maonyesho mengine. Wakamtia ndani ya kizimba pamoja na yule binti mdogo.

Watoto hao hawakurudishwa kwao. Alberta alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1917, ambao ndio mwaka Denmark ilioviuza visiwa vile kwa Marekani kwa dola milioni 25. Victor alikua, akasomea ualimu, akafundisha katika mji wa Nakskov hadi akawa mwalimu mkuu msaidizi, akaongoza kwaya na kupiga muziki, na akaandika kumbukumbu za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1985. Mimi nimefundisha miaka 36. Mwalimu anayesimama kila asubuhi mbele ya watoto wa nchi iliyomtia kizimbani akiwa na umri wa watoto wale wale namheshimu kwa namna ambayo maneno yangu hayaifikii.

Wala jambo hili si la Karibi na Denmark peke yake. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow mjini Berlin, watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwemo waliotoka katika nchi yetu hii ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, waliwekwa wakionyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio. Mwaka uliofuata Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji na kuonyeshwa katika bustani za Tervuren, na saba kati yao walizikwa huko huko. Bustani ya burudani ya Ulaya, katika miaka ile, ilikuwa mahali ambapo mtu mweusi aliingia kama kitu cha kutazamwa. Leo anaingia na tiketi yake mkononi. Umbali baina ya mambo hayo mawili ndio sehemu kubwa ya safari yangu, na mwandishi anayewaelekeza Watanzania kwenye lango lile bila kuutaja amewaelekeza nusu ya njia.

Jioni ya pili niliingia Tivoli nikiwa na karatasi mfukoni niliyoandika majina yale mawili na mwaka. Nilikaa kando ya ziwa tangu saa kumi na moja hadi taa zilipowashwa, jambo ambalo mwezi Juni huchelewa sana kwa kuwa jua la huko huzama karibu na saa nne usiku. Mbele yangu alipita baba na binti yake wa miaka minne hivi, mweusi kama mimi, puto likiwa limefungwa kwenye mkono wake. Binti alisimama akanitazama kwa muda mrefu, jinsi watoto wanavyotazama, kisha akanipungia. Nilimpungia. Kama ningekuwa na wenzangu tungekuwa tumekwisha kuinuka kwenda kula, na nisingempata mtoto yule, wala nisingepata nafasi ya kuyasoma majina yale kwa sauti ndogo bila kulazimika kumweleza mtu ninafanya nini.

Najua wako watakaosema kwamba mtu aliyechoka na kazi akisafiri kwenda kufurahi asibebeshwe habari za vizimba. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Nilifurahi Tivoli. Nilifurahi kwa dhati, nilicheka, nilipiga kelele kwenye ule mteremko kama kijana wa kidato cha kwanza, na kadi ya ukutani Kibaha haikunidanganya. Kuwajua Victor na Alberta hakukunipunguzia furaha hiyo, bali kulinizuia nisiione bustani kama picha tu. Kadhalika, jambo hili si shutuma kwa Wadenishi wa leo, ambao kila niliyemuuliza njia alisimama akanielekeza, na mmoja alinisindikiza hadi stesheni.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni vitu viwili. Kwanza, ushauri ule kwa wasafiri wa peke yao urekebishwe. Aende Tivoli, akae, alipie kiingilio peke yake kama hana haja ya michezo, na kama moyo wake unaruhusu apande reli ya mwaka 1914 akiomba nafasi ya nyuma ya mshika breki. Aende Bakken, kwa kuwa ni bure. Billund aiache hadi atakapokuwa na mtoto wa kumpeleka.

Pili, siku ukurasa wa safari utakapoiandika tena Tivoli, pamoja na taa zake, tausi wake na mlipuko wa mwaka 1944, zitengwe sentensi mbili kwa ajili ya mwaka 1905, na majina yaandikwe kwa ukamilifu na kwa tahajia iliyo sahihi: Victor Cornelins, Alberta Roberts.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Morogoro.