Kaye (daftari) ya mkutano wa usalama isifungwe tu

Ndugu mhariri, siku ya posho (Jumamosi) tulikaa chini ya muembe na shefu wa kartie (mtaa), polisi na konseye wa komine, mkutano wa usalama. Mama moja mwenye kuuza makala ya kupikia akasimama na mukono wenye bandeji, akasema bezi balivunja mulango saa munane ya usiku, majirani bakapiga masufuria mpaka bakachoka, polisi bakafika kumekucha juu hawakuwa na gari. Niliumia sana.

Mikutano hii mi naipenda, zaidi tangu tuchague bakonseye ba komine mu Desemba 2023, sasa kuko mtu wa kumuuliza. Lakini kila mara banaandika mu kaye, kaye inafungwa, mwezi unaofuata tunaanza upya kama vile hatukusema kitu. Basi batusomee kwanza yale ya mara iliyopita, taa ya barabara imefika wapi, patruyi ya polisi inapita avenue gani. Na bamama benye kurudi soko na giza baongee bale ba kwanza, bao ndio banajua kona zenye hatari. Namba ya polisi ibandikwe kwa kila shefu wa avenue, na mtu aipokee usiku.

Baba wa watoto bane, Lubumbashi