Msitupe koili za Model T

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya magari ya kale nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na hasira. Eti mwenye Ford Model T ambayo injini yake inamisi atupe koili zote, yaani vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta, afunge distributa, kifaa kimoja cha kugawa cheche kwa silinda zote, mambo yaishe. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilianzia Tanga, sasa nimestaafu na ninaishi kwa binti yangu huku Michigan, jimbo lilikozaliwa gari hilo.

Jirani yetu, mzee wa miaka 80 na ushee, ana Model T ya 1915. Haina stata, ni hendeli tu. Umeme unatoka kwenye sumaku 16 zilizofungwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na kwenda kwenye koili 4, kila silinda na yake, kila moja ndani ya kisanduku cha mbao. Zikifanya kazi zinavuma kama nyuki waliochokozwa. Za mzee zilivuma, lakini kilimani gari linakohoa. Gereji moja ilimsugulia pointi, vile vyuma viwili vya koili vinavyogusana na kuachana, kwa msasa, ikachukua hela, ugonjwa ukabaki palepale.

Koili ya kwanza niliifungulia kwenye meza ya jikoni, juu ya gazeti (binti yangu hakupendezwa). Ubao wa ubavuni ukichomoka unakutana na lami tupu. Unaichimba kidogo kidogo kwa patasi butu, kwa sababu humo mna waya mwembamba kama unywele. Ukiukata huo, haya, sasa tupa. Unachotafuta ni kondensa, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi. Ya zamani ni karatasi na foili zilizotiwa nta, na kwa miaka 100 imenyonya unyevu hadi inavujisha umeme. Hapo cheche inakosa nguvu na pointi zinaungua, hata uzisugue kila siku. Nikaweka mpya ya maikrofaradi 0.47, nikaziba, nikafunga pointi mpya.

Wengi huishia hapo, wakazirekebisha kwa sikio. Sikio linadanganya. Koili zote 4 lazima zilingane, na kipimo chake ni mashine ya kuzungusha kwa mkono yenye sumaku zilezile za Model T. Unarekebisha mkazo wa springi ya pointi mpaka mita isome ampia 1.3 hivi, na kila mzunguko utoe cheche 16, zisipungue, wala isitokee inayoruka mara mbili. Koili ya tatu ilininyima chakula cha usiku: 16, 16, halafu 15. Kumbe springi ya pointi ilikuwa imepinda kidogo sana, jicho halioni.

Jumamosi mzee alipiga hendeli, nusu mzunguko tu, ikawaka. Tukapanda kile kilima bila kukohoa.

Mwandishi wenu kama anazo koili alizong'oa, aniwekee. Hata zilizopasuka ubao nazitaka.

Fundi mstaafu wa Tanga,
Michigan, Marekani