Kesi za Agosti 7 hazikuishia 2001

Mhariri,

Kila Agosti 7 magazeti yetu hutukumbusha watu 224 waliouawa katika milipuko ya mabomu kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998. Ni haki yao. Lakini habari za kesi hukomea 2001, washtakiwa wanne walipofungwa maisha kule New York. Yaliyoamuliwa baadaye kwenye rufaa, ambayo ndiyo yanayotugusa sisi wa huku, ni nadra kuyasoma.

Novemba 2008, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Marekani, Mzunguko wa Pili (inayosikiliza rufaa za New York), iliamua rufaa ya Wadih El-Hage, mmoja wa wale wanne, raia wa Marekani aliyekuwa akiishi Nairobi. Simu zake zilisikilizwa kwa siri karibu mwaka mzima kuanzia Agosti 1996. Agosti 1997 maafisa wa Marekani na wa Kenya wakaipekua nyumba yake mchana, mkewe akiwepo. Mke huyo alionyeshwa hati ya Kenya ya kutafuta mali ya wizi! Jaji wa Marekani hakuwa ametoa kibali chochote, na El-Hage akadai kwamba Marekebisho ya Nne ya Katiba yao, yanayokataza upekuzi usio wa haki, yamekiukwa.

Majaji watatu walijibu kwamba kibali cha jaji wa Marekani hakina nguvu Kenya, kwa hiyo hakihitajiki. Kinachopimwa ni iwapo upekuzi wenyewe ulikuwa wa haki. Walikiri kuwa kusikiliza simu muda wote huo kuliingilia mno faragha ya mtu, ila usalama wa taifa ukapewa uzito zaidi. Hatia ikabaki. Adhabu ilirudishwa ipangwe upya, naye akapata kifungo cha maisha tena.

Na huyo ni raia wao. Jirani yake Mkenya hana hata kipimo hicho, maana tangu 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua, katika kesi ya raia wa Mexico, kwamba Marekebisho hayo hayamlindi mgeni asiye na mafungamano na nchi hiyo akipekuliwa nje ya mipaka yake.

Sisemi wauaji walionewa. Siku hiyohiyo ya 2008 majaji walewale walisema kuwa mgeni anayehojiwa na Wamarekani ng'ambo, kisha akashtakiwa katika mahakama zao za kiraia, ana haki ya kutojitia hatiani. Al-'Owhali, mwingine wa wale wanne, aliyehojiwa Nairobi, haikumwokoa, lakini kanuni ipo. Uamuzi usioniingia akilini ni wa 2013 kuhusu Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshtakiwa baadaye kwa milipuko hiyohiyo: eti karibu miaka mitano mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na katika gereza la kijeshi la Guantánamo haikuvunja haki yake ya kesi kusikilizwa upesi.

Agosti ijayo, mpe mwandishi wako wa mahakamani ukurasa mmoja wa maamuzi haya. Aanze na hati ile ya mali ya wizi: ilitolewa na nani hapa kwetu, na kwa ombi la nani?

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa