Zimwi Liacheni, Msiligeuze Askari

Kwa wanangu, wazazi vijana wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Nkuhungu, Dodoma.

Mbukwenyi, wanangu.

Jumapili, baada ya kuhesabu hisa, mlikubaliana watoto wasisimuliwe tena hadithi za mazimwi, kwa kuwa mmoja wao ameamka usiku akilia kwamba zimwi limo uvunguni. Nilinyamaza, maana msimuliaji nilikuwa mimi.

Kosa langu nalikiri. Mtoto wa miaka minne bado huweza kuchanganya anachokiwaza na kilichopo, na mimi nilimpa zimwi la watoto wa miaka minane. Tena umeme ulikatika, mkaondoka mbio na watoto wenu, hadithi ikabaki pale zimwi limeshameza kijiji kizima. Sehemu ya zimwi kukatwa kidole, watu wakatoka na ng'ombe wao, hakuisikia. Mtoto wa watu amelala na zimwi lililoshiba! Angelala vipi?

Mimi nimekulia Bahi, kwenye tembe. Jioni tukishakula ugali wa uwele na mlenda, bibi alisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" huku fisi wa kweli wakilia nyuma ya zizi. Fisi wa nje alichukua mbuzi. Wa hadithi alikuwa mlafi, mjinga, kila siku anachezewa na sungura. Tulilala tukimcheka, na yule wa nje akilia tulijua ni wa kabila lile lile la wajinga. Mchana hatukusimuliwa, tuliambiwa tutaota pembe. Nadhani wazee walitaka tu tulime, lakini ilisaidia: hofu ilikuja wakati tumebanana na watu wazima.

Bruno Bettelheim, mwandishi wa saikolojia ya watoto, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, alitetea jambo la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1976: kwamba mtoto ana hofu zake tayari, za kuachwa, za giza, za kuliwa, na hadithi humpa sura ya kuzishika na njia ya kuzishinda. Wamemkosoa wengi, nami simfuati kwa kila kitu. Ila nilipofundisha chekechea niliona watoto wakidai hadithi ile ile ya kutisha mara kumi, na mara ya kumi wao ndio wananiambia, "Usiogope, mwalimu, sungura anakuja."

Sasa niwaulize ninyi. Nani humwambia mtoto, "Lala, fisi anakuja kukuchukua"? Nani humtishia sindano asipomaliza uji? Hadithi hiyo haina sungura wala mwisho, na anayemtuma fisi ni mama mwenyewe. Halafu mnashangaa zahanati mtoto analia kabla muuguzi hajamgusa.

Kuna hadithi moja ambayo hata mimi naisimulia kwa tahadhari, ya mama wa kambo. Niliolewa nikakuta watoto wawili waliofiwa na mama yao. Yule mdogo hakugusa chakula changu mpaka dada yake aonje. Sikumtendea lolote, alishasikia mama wa kambo ni nani kabla sijafika mlangoni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapa mwaka 1812 hadithi ya binti mweupe kama theluji, aliyetaka binti auawe alikuwa mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 wakambadili akawa wa kambo. Mzazi akasafishwa, sisi tukabebeshwa! Dawa yangu ilikuwa kula naye sahani moja, na jioni kusimulia hadithi ile ile, ila mchawi nikamfanya jirani wa upande wa pili. Jirani yangu alininunia mwezi mzima. Wenye kulea watoto wa wenzenu mtanielewa.

Katuni za kwenye simu nawaachia wenyewe. Ninachojua, simu haioni macho ya mtoto yakianza kujaa machozi.

Jumamosi baada ya magharibi nileteeni yule aliyelia, na mama yake abaki. Nitaanzia pale umeme ulipokatikia. Kidole cha zimwi atakikata yeye. Kisu cha mti nimeshamchongea.

Bibi yenu.