Muulizeni mtoto anataka kushika nini: barua kwa vijana wa video wa Katuba

Wana wangu,

Jambo yenu nyote. Mjukuu wangu ameniambia kwamba likizo kubwa ikianza mtakusanya watoto wa Katuba na wa Kenya, zile komuni mbili za mji wetu wa Lubumbashi, muwafundishe kutengeneza video kwa simu, kila mtoto aonyeshe maisha anayoyatamani huko mbele. Usiku ule nilikosa usingizi kwa furaha, na kwa wasiwasi pia. Furaha mtaielewa wenyewe. Wasiwasi ndio umenifanya niandike.

Nilianza kushika kamera mwaka 1968, nikijifunza kwa fundi mmoja mjini. Mwaka 1975 nikafungua studio yangu Katuba: chumba kimoja, taa mbili, kiti, na pazia kubwa ukutani. Pazia hilo alinichorea fundi wa vibao vya maduka. Ndege nyeupe imetua, ngazi imeshushwa, nyuma yake mitende. Watu walijaa siku ya Mwaka Mpya na kila Jumapili baada ya misa. Wavulana walitaka ndege. Wanaume walitaka redio mkononi, au saa, na saa yenyewe ilikuwa yangu. Nilimvalisha huyu, nikamvua, nikamvalisha anayefuata. Wasichana na kina mama niliwapa maua ya plastiki. Hakuna aliyedanganyika, kila mtu alijua ile ndege ni rangi juu ya kitambaa. Lakini picha ilitundikwa sebuleni miaka na miaka, na mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile alikua akimwona baba yake amesimama penye ngazi ya ndege.

Mwaka 1983 shangazi mmoja aliniletea binti wa miaka kama kumi. Nilimpa maua. Akayaweka chini taratibu, akaniambia, "Papa, miye nataka kushika chaki."

Nje kulikuwa na watu wanangoja. Chaki sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, nilidhani najua tayari picha ya msichana inavyopaswa kuwa. Nikamrudishia maua mkononi, nikamwambia acheke kidogo. Picha ilitoka safi, shangazi akalipa, wakaenda zao. Negativu yake ninayo mpaka leo. Yule binti haangalii kamera, anaangalia yale maua. Na duka lililouza chaki lilikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni pangu.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia, mengine ni nyongeza. Mtoto atakayekuja kwenu ameshakuja na kitu anachotaka kushika. Msimpe maua yenu.

Maua ya siku hizi nayajua. Mjukuu alinionyesha kwenye simu Lubumbashi ya mwaka 2050, imetengenezwa na akili bandia: maghorofa ya vioo, magari yanayoruka, barabara zinazong'aa kama sahani. Nilitafuta mtu mmoja anayepika bukari, ugali wetu, sikumwona. Nilitafuta mwembe, kichuguu, mama wa soko, mtoto aliyetumwa chumvi, wapi. Hata lile bomba refu la moshi na mlima mweusi wa masalio ya shaba, ambavyo mtu wa hapa anavijua hata gizani, vilikuwa vimefutwa. Ule ulikuwa mji wa watu wengine, umebandikwa jina letu. Mtoto akikaa na picha ya namna hiyo anajifunza neno baya sana: kwamba kesho nzuri ipo, ila yeye hayumo, wala mama yake, wala barabara yao. Sisemi msiiguse akili bandia. Nasema isiwe ya kwanza kusema. Mtoto aseme kwanza.

Na mji huu una njia yake ya kufanya kazi hiyo, haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Miaka ya 1970 wachoraji wetu walipita nyumba kwa nyumba na picha walizozichora juu ya magunia ya unga. Mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, wafungwa wanaopigwa viboko wakati wa Colonie belge, yaani ukoloni wa Wabelgiji, Lumumba. Tulizinunua, tukazitundika, tukaziita ukumbusho. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa hapa mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima kati ya 1973 na 1974, picha 101, kwa ajili ya Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha chuo kikuu chetu. Alianza na mababu, akapita ukoloni, uhuru, vita vya Katanga, mpaka siku zake mwenyewe. Na alipofika hapo hakuweka brashi chini. Aliendelea, akachora na mambo yajayo.

Angalieni jinsi alivyofika. Alikwenda kwa miguu, kutoka jana hadi leo, kutoka leo hadi kesho. Kwa hiyo siku ya kwanza msiwape watoto kazi ya kesho hata kidogo. Watumeni kwa bibi na babu zao na simu mkononi. Lupango hii, kiwanja hiki cha nyumba yetu, ilikuwaje ulipofika? Palikuwa na mti gani? Matofali ya nyumba mlitoa wapi? Bibi atasema walivunja kichuguu, wakafinyanga udongo wake, wakachoma wenyewe. Mtoto aliyesikia kwamba nyumba anayolala ilitoka kwenye kichuguu na mikono ya bibi yake, huyo ukimwambia kesho inajengwa, neno "inajengwa" analijua maana yake.

Siku ya pili ndiyo ya maswali, na hapa naomba mkae sana, msiharakishe. Msiulize, "Ukiwa mkubwa utakuwa nani?" Swali hilo amelijibu darasani mara nyingi na jibu amelikariri: daktari, rubani, mchezaji wa Mazembe, timu ya mpira ya mji wetu. Ulizeni hivi: ni mwaka 2045, saa kumi na mbili asubuhi, umeamka. Unasikia nini? Nani ameleta maji, ameyatoa wapi? Jikoni wanawasha nini, makala, yaani makaa, au kitu kingine? Nani anabisha hodi?

Akishikilia Mazembe, msimkatishe. Mimi niliyeiona Mazembe Desemba 2010 ikiifunga Internacional ya Brazili mabao mawili kwa sifuri na kuingia fainali ya klabu za dunia, siwezi kumwambia mtoto kwamba ndoto ya mpira ni upuuzi. Mwulizeni tu habari za saa mbili kabla ya mechi. Nani amepiga mistari ya chokaa uwanjani? Nani anamkanda mguu? Yule anayeuza maji mlangoni ni nani, na jioni anarudi na kiasi gani nyumbani? Mtajikuta mtoto aliyetaka kuwa mchezaji anaanza kumsimulia yule anayekanda miguu kwa macho ya pekee. Mfuateni huko.

Nitoe mfano mmoja mpaka mwisho, kwa sababu ushauri wa juujuu haupigi picha. Tuseme kijana mmoja anasema mwaka 2045 anavua samaki katika mto Lubumbashi, mto ulioupa mji jina. Leo mnajua ulivyo penye madaraja ya mjini, mifuko na chupa. Wengi watarukia mwisho: mto mchafu, kijana analala, anaamka, mto safi. Hapana. Katikati ndiyo video yenyewe. Nani alianza kuzuia takataka, na siku ya kwanza walimcheka vipi? Mama anayeuza pembeni alipewa pa kutupia wapi? Waliopanda miti kingoni walimwagilia na nini kiangazi? Huenda kijana hajui. Vizuri, basi aende akaulize: mzee aliyewahi kuvua pale, mwalimu wa biolojia, mtu wa usafi wa komuni. Akirudi ana watu watatu wa kweli ndani ya kesho yake, na wao pia wameulizwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kupiga kesho yenyewe hakutaki mashine kubwa. Pandeni mto juu, nje ya mji, mtafute mita tano za maji safi. Kaza fremu hapo, usionyeshe kushoto wala kulia. Nunua samaki mmoja mbichi sokoni. Ondoa kelele ya jenereta, weka sauti ya maji. Mita tano zinatosha, anayetazama ataumalizia mto mwenyewe kichwani. Sisi wa studio tuliishi kwa siri hiyo.

Wakiigiza, msiwaandikie maneno. Kundi la Mufwankolo, lililopendwa sana mjini hapa, lilitunga michezo yake bila kitabu cha maneno: waliafikiana kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakabishana, wakajaribu tena, na kila mmoja alisema kwa Kiswahili cha hapa hapa, kile cha sokoni. Mtoto akisema sentensi ya kukariri, uso unakufa. Mwacheni aseme kama anavyosema na dada yake.

Kuna watoto watakuja na uchungu. Mmoja baba alikwenda kuchimba na hakurudi. Mwingine familia ilikimbia vita Kivu na hapa bado anaitwa mgeni. Huyo akitaka kuonyesha kiti kitupu cha baba, kionyesheni, tena muda mrefu. Tumaini linalopita pembeni ya msiba, mtoto analijua kwamba si lake. Lakini msimlize mbele ya kamera kwa kusudi, na msikubali mtu yeyote, hata akija na fedha, awaombe machozi ya watoto wetu. Nimeona picha nyingi za watoto wa Katanga wamebeba mawe kichwani, zimezunguka dunia yote. Nyingi zimepigwa na watu wenye nia njema. Hakuna hata moja ambamo mtoto aliulizwa anataka kushika nini badala ya jiwe. Na kumbukeni kwamba betri ya simu mtakayowapa ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka kwenye udongo wetu, kule Kolwezi na kandokando. Kwa hiyo mtoto wa hapa hakopeshwi ile simu kwa huruma. Ana haki nayo.

Mambo ya kazi nayasema haraka, mengine mnayajua kunishinda. Pigeni mapema, kati ya saa moja na saa tatu, au baada ya saa kumi. Kiangazi vumbi linalainisha jua na nyuso zetu zinatoka vizuri. Mchana jua linachimba mashimo machoni. Simu ilazwe. Sauti ndiyo inayoangusha video nyingi: chukueni simu ya pili, irekodi ndani ya mfuko wa shati la anayesema. Chajini zote usiku umeme ukiwapo, msingoje asubuhi.

Mzazi wa kila mtoto akubali mwenyewe, uso kwa uso. Pelekeni habari kwa shefu wa mtaa kabla ya siku ya kwanza. Msipige askari, msipige ofisi za serikali, msiingize mtoto kwenye machimbo kwa ajili ya picha, hata kama video inahusu machimbo. Mtoto anaweza kuchora machimbo kwa makala ukutani, na mchoro huo utasema zaidi.

Zikimalizika, msizikimbize TikTok usiku uleule. Onyesheni kwanza kwenye lupango. Shuka jeupe, projekta ya kuazima parokiani, wazazi wakae mbele na watoto nyuma. Nataka yule fundi wa usafi wa komuni ajione yumo katika mwaka 2045 wa mtoto wa jirani. Baada ya hapo itakuwa vigumu kwake kumpita yule mtoto barabarani bila kumsalimu.

Na tunzeni nakala hapa. Zile picha 101 za Tshibumba ziko kwenye makumbusho Amsterdam, Uholanzi. Zimetunzwa vizuri, nawashukuru waliozitunza, lakini mtoto wa Katuba hawezi kwenda kuziona baada ya shule. Wekeni diski moja parokiani, nyingine shuleni, na majina ya watoto yaandikwe kwa usahihi pamoja na tarehe. Simu zinaibiwa, akaunti zinafungwa. Mwaka 2045 hawa watoto watataka kujiona.

Taa zangu mbili bado zinawaka, na stendi ya kamera ipo, mguu mmoja tu nimeufunga kwa waya. Njooni Jumamosi mzichukue, kabla ya saa kumi. Njiani piteni dukani, nunueni boksi moja la chaki liwe pale siku ya kwanza, pamoja na kitu kingine chochote mtoto atakachotaja. Chaki nitalipa mimi.

Mzee wenu,
mpiga picha wa zamani, Katuba, Lubumbashi