Aliyepika naye akae ale chakula cha moto

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msinikate sana maana jambo lenyewe linanigusa.

Siku hizi kwenye daladala, vijiweni, hata kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo kuna ubishi hauishi. Wengine wanasema familia za sasa zimezidi kula nje, watoto wanakua hawajui ladha ya mboga ya kwao, nazi yenyewe hawajui inakunwaje. Wengine wanajibu kwamba mjini hapa mtu anatoka kazini saa kumi na mbili jioni, foleni mpaka saa mbili usiku, sasa apike saa ngapi na ale saa ngapi. Nimewasikiliza wote na wote wana hoja. Ila wanaongelea chakula, wanaongelea hela, wanaongelea muda, hamna hata mmoja anayemuongelea aliyeshika mwiko. Na mimi ndo huyo nataka kumuongelea.

Nimekulia Tanga, Ngamiani. Ijumaa nyumbani ilikuwa pilau. Mama akishamaliza kazi za asubuhi anakaa na ungo anachagua mchele, anatoa chuya, anatoa vijiwe, kimya kabisa vidole vinakimbia. Halafu kinu, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu mbili tatu tu maana karafuu ikizidi inaua kila kitu. Vitunguu anakaanga mpaka viwe vya kahawia, vikaribie kuungua lakini visiungue, pale pale ndo pilau linapopata rangi, ukiwahi kutia nyama linakuwa jeupe, ukichelewa linakuwa chungu. Mwisho anafunika sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko, na hapo harufu inatoka uani inapita chumbani inaenda mpaka barabarani, sisi tunatoka msikitini tunaijua nyumba yetu kabla hatujaiona.

Sinia likija linawekwa katikati ya mkeka, kachumbari pembeni, ndizi mbivu pembeni, baba anagawa nyama, mikono yote inaingia. Raha ile siwezi kuielezea ikatosha. Lakini mama yuko wapi? Mama yuko jikoni. Tukimwita anajibu kutokea kule kule, "Kuleni wanangu, mi nishashiba harufu." Miaka yote hiyo nilimuamini, nikadhani mpishi ndivyo alivyoumbwa, anashiba kwa pua.

Sasa mtoto wetu wa tatu alipozaliwa ndo nikajifunza. Mke wangu ni Mchaga wa Marangu, na kwao mzazi lazima anywe mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hilo halina mjadala. Mama mkwe alikuwa hajapata nafasi ya kushuka Dar wiki ile, dada wa kazi alikuwa kaenda kwao, kwa hiyo nilikuwa mimi na jiko. Nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, mzazi anaendeleaje?"

"Mzima mama, ila nataka kumpikia mtori na sijui pa kuanzia."

Akanyamaza kidogo, halafu nikamsikia anaita watu wa pale nyumbani, "Njooni msikie, mkwe wetu anapika mtori!" Basi akaniambia niweke simu kwenye spika, niisimamishe mbali na maji, na akakaa na mimi hewani mwanzo mpaka mwisho, na kila salio lilipokata alipiga yeye.

Ndizi nilizifuata Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, aliniambia nisikubali nyingine yoyote, niulize mshare. Akaniambia nipake mafuta mikononi kabla ya kumenya maana utomvu wake ukishika ngozi na ukishika shati hautoki tena. Mifupa na nyama vichemke kwanza mpaka supu iwe nzito, ndizi ziingie baadaye na kitunguu, zikishalainika utoe mifupa yote uweke pembeni, halafu uponde kwa mwiko zikiwa bado za moto. "Zikipoa tu baba umepata mabonge, na mzazi hanywi mabonge." Nikaponda mpaka bega likauma, nikaongeza supu, nikaponda tena, mvuke unanipiga usoni, naonja chumvi kwenye kiganja, naonja tena, natia siagi kidogo, naonja tena. Masaa matatu na nusu Mhariri, kwa sufuria moja.

Nikampelekea mke wangu kwenye kikombe kikubwa. Akakishika kwa mikono miwili akanywa, akashusha pumzi, akanywa tena, akasema "Huu ni wa nyumbani kabisa." Halafu akaniuliza, "We umekula?" Nikamjibu bila hata kufikiri, "Nishashiba harufu."

Maneno yalivyonitoka ndo nikamsikia mama yangu. Nilisimama pale mlangoni na kikombe kitupu mkononi nikakumbuka zile Ijumaa zote. Na nilikuwa sidanganyi, kweli njaa sikuwa nayo, ukisimama juu ya mvuke masaa yote hayo na kuonja onja tumbo linafunga. Njaa ilikuja saa kumi jioni, na ilivyokuja mtori ulikuwa umebaki kwenye kingo za sufuria, umeshapoa na kuganda. Kumbe ndo alichokuwa anakula mama. Sio kwamba hakuwa na njaa, njaa yake ilikuwa inachelewa, na sisi hatukuwa tunaisubiri.

Tangu siku hiyo kwangu kuna utaratibu na watoto wote watatu wanaujua. Chakula kikishaiva kinafunikwa, jiko linazimwa, aliyepika anaenda kunawa uso, anakaa dakika kumi anakunywa maji, halafu ndo tunapakua, na mkono wa kwanza kuingia kwenye sinia ni wake. Simu zinabaki chumbani. Jumamosi napika mimi, wali wa nazi na mchuzi wa changu mara nyingi, na huyu binti yangu mkubwa tayari anajua kwamba ndimu na nyanya vinatangulia na tui zito linakuja mwisho kabisa, na likishaingia usiache kukoroga na usifunike, ukiligeuzia mgongo tu limekatika. Hata tunakula polepole siku hizi. Mtu akishajua mchuzi umetoka kwenye jasho la nani hausukumi haraka haraka.

Hapa niseme na hili la gesi maana linahusika. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Mi naunga mkono, na sio kwa sababu ya miti na moshi peke yake. Jiko la mkaa halikuruhusu ukae, sharti upepee, upunguze, upalie, likizidi unakimbia, likizima unaanza upya. Gesi unashusha moto mdogo, unafunika, unaenda kukaa na wenzio. Najua wapo watakaosema pilau la gesi halifikii la makaa, na kwa ladha siwabishii, lakini mimi nachagua pilau lililopungukiwa kidogo na mpishi akiwa amekaa mkekani.

Sasa kula nje. Wanaosema kula nje ni kukosa adabu na jiko la nyumbani waje Jumapili moja jioni Coco Beach. Sisi tunakaa Magomeni, tunachukua bajaji mbili, tunabeba mkeka wetu. Mihogo inatoka kwenye karai inachemka mafuta, dada anaipasua katikati, anatia chumvi, pilipili, kachumbari, ukwaju, anakupa ya moto kiasi kwamba unahamisha kutoka mkono huu kwenda huu. Mishkaki pale, madafu pale, watoto wanaingia majini wanatoka wamejaa mchanga wanakuja kugongea muhogo. Hela yenyewe ni ndogo tu, wala haihitaji mshahara mkubwa. Mama yangu akija Dar namkalisha mkekani mgongo umeegemea mti, namletea sahani ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Mara ya kwanza alitaka kuinuka kwenda kugawa. Nikamwambia mama kaa, leo hujapika. Akakaa, akala, akavua viatu. Nilikuwa sijawahi kumuona mama yangu anakula chakula kinatoa moshi.

Ila sio kila mahali. Kuna hoteli moja, siitaji, ina meza nzuri na vitambaa vyeupe, tulienda mwaka jana kumpa mama heshima. Tukatoa oda wote kwa pamoja, mama akaagiza samaki wa kupaka. Chipsi kuku za watoto zikaja. Ya kwangu ikaja. Ya mke wangu ikaja. Ya mama haikuja. Tukasubiri, chipsi zinapoa, mama akasema "Kuleni wanangu msipoze chakula." Mhariri, ni yale yale maneno ya Ngamiani, tena safari hii amekaa kwenye kiti kizuri na amevaa kanga yake mpya. Samaki wake alifika sisi tumeshanawa. Nikamuuliza mhudumu kwa upole akanijibu samaki anachukua muda. Najua samaki anachukua muda! Mpishi yeyote wa nyumbani anajua, kinachochelewa ndo unakianza mwanzo, cha haraka kinasubiri, ili vyote vikutane. Kama mama wa Ngamiani mwenye jiko moja la mkaa aliweza kukutanisha pilau, kachumbari na mchuzi wa mbaazi kwa wakati mmoja, hoteli yenye wapishi watano na majiko kumi inashindwaje? Nawaomba wenye hoteli na migahawa wanaosoma gazeti hili, chakula cha meza moja kitoke pamoja. Familia haijaja kushiba tu, chipsi tungekula njiani.

Na msifikiri kula nje kunaua jiko la nyumbani, mi nimeona kinyume chake. Wiki ya Idd tulivuka na boti kwenda Unguja, jioni tukateremka Forodhani, ile bustani iliyokarabatiwa ikafunguliwa upya 2009. Mama kwanza alisimama akaangalia Beit el Ajaib, lile jumba la kale lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020, akasikitika, akasema mambo ya zamani yanahitaji kushikwa vizuri. Halafu tukamkalisha na bakuli la urojo, ule mchuzi mzito wa embe wa Unguja wenye viazi na bhajia. Akaonja kijiko kimoja akanyamaza. Akaonja cha pili. Akamwambia yule kijana muuzaji, "Mwanangu, hili embe bichi umelichemsha kwanza ndo ukalisaga." Kijana akaacha kukata viazi akamgeukia, "Bibi umejuaje?" Basi wakaanza, unga anakoroga na maji baridi au ya moto, manjano inaingia lini, chatini ya nazi anatia tangawizi au hatii, wateja wengine wamesimama wanasikiliza, na yule kijana anamjibu kwa heshima kama anavyojibiwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Nilikaa pale namuangalia mama yangu na bakuli lake likiwa moto nikafurahi sana. Sijawahi kumuona mtu akimuuliza mama kuhusu kazi yake ya miaka arobaini namna ile.

Wiki ile ile tuliporudi Magomeni alitupikia urojo, bhajia zake, viazi, kachori, chipsi za muhogo juu, na watoto wangu mpaka leo wakisema urojo wanamaanisha wa bibi. Binti yangu ndo alikuwa anakoroga, bibi yake kakaa kwenye kigoda anaelekeza. Kwa hiyo tulitoka nje tukarudi na sufuria mpya nyumbani.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mnayo kona ya mapishi wikiendi na naisoma kila mara. Mnaandika vipimo, mnaandika idadi ya walaji. Naomba muandike pia nini kinaweza kuandaliwa mapema, na baada ya kufunika sufuria mpishi ana dakika ngapi za kukaa. Na muwaite na wanaume wachangie, wapo wengi wanaopika wanaona haya kusema, mimi mwenyewe nitawaandikia mtori nilivyofundishwa na mama mkwe, na yeye ameshakubali.

Mama anafika Ijumaa na basi la Tanga. Ameshasema Jumapili anataka mihogo ya Coco, na kwamba pilipili ya pale imezidi limau kwa hiyo anakuja na ya kwake kwenye chupa, amempangia yule dada wa mihogo aonje.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Baba wa watoto watatu,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam.